Aliyekaa Katikati ya Mawifi

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sisemi zamani ya sungura na fisi. Nasema zamani ya juzi, lami ya barabara ya Ikolilo ilipokuwa bado mpya na malori ya mbao hayajaanza kuitoboa. Katika mji huo wa nyanda za juu, ambako mtu akivua koti majirani humuuliza kama anaumwa, palikuwa na wanawake watatu waliokimbia kwa viatu vya magurudumu. Hawakukimbia kwa kucheza. Walikimbia mashindano.

Aliyetangulia mbele ni Sekela, mbeba mbao, mwanamke mwenye mgongo mpana na mdomo usio na breki. Aliyekaa nyuma ni Bupe, muuza viazi sokoni, mwenye mikono ya kunyanyua gunia peke yake. Katikati alikaa Subilaga, fundi cherehani, ambaye hakuwa na mgongo wa Sekela wala mikono ya Bupe. Alikuwa na subira, na subira haionekani mtu akiwa amevaa nguo ya kubana.

Sasa Bupe aliolewa na kaka yake Sekela. Kwa hiyo walikuwa mawifi, na walikuwa hawasemeshani.

Walinuniana kwa nini? Kwa shingo ya kuku. Siku ya kipaimara cha mtoto, Bupe alipakua chakula, akamwekea wifi yake shingo mbele ya wageni. Sekela akasema ni dharau. Bupe akasema jikoni kulikuwa na moshi. Kuku yule aliliwa, mifupa yake akapewa mbwa, na mbwa mwenyewe akafa kwa uzee, lakini shingo ile ilikuwa bado ipo mezani.

Aliyewakusanya ni Mwalimu Lwitiko, mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, aliyewahi kupelekwa masomoni nchi ya baridi. Huko aliona watu wakishindana juu ya barafu kwa viatu vyenye visu. Wenzake walirudi na friji, yeye alirudi na gunia la viatu vya magurudumu, akasema, "Barafu hatuna, lami tunayo." Mkewe hakumsemesha kwa mwezi mzima. Mji ule kununa walikuwa wanakuweza.

Mazoezi yao yalikuwa hivi. Alfajiri, kabla malori hayajaamka, walipanda mlima wa barabara na kuushuka. Goti limekunjwa, mgongo umelala kama meza, mkono mmoja umewekwa kiunoni. Jioni walikwenda nyumbani kwa Subilaga, kwenye chumba cha cherehani, ambako Mwalimu alilaza ubao mrefu uliopakwa nta ya mshumaa. Walivaa soksi, wakateleza kutoka ukingo hadi ukingo, kushoto na kulia, mpaka mapaja yalie. Majirani walichungulia dirishani, wakauliza wanatafuta nini humo ubaoni. Na kwa kuwa mbio zao huzungukwa upande mmoja tu, kushoto, daima kushoto, Bupe akitumwa chumvi kwenye duka lililo mkono wa kulia, aliizunguka nyumba nzima kwa kushoto ndipo akafika.

Sikilizeni sasa sheria ya mbio za watatu, maana kesi yote imelala hapo. Watatu hukimbia pamoja, lakini saa haisimami kwa anayefika wa kwanza. Husimama kwa anayefika wa mwisho. Ukimwacha mwenzio nyuma umejiacha mwenyewe. Kwa hiyo Mwalimu aliwapanga: Sekela mbele apasue upepo, Bupe nyuma asukume, Subilaga kati. Mikono ya Bupe ilikuwa kiunoni mwa Subilaga, na mikono ya Subilaga ilikuwa kiunoni mwa Sekela.

"Vizuri," alisema Sekela. "Maana huyo mwingine asiguse mgongo wangu."

Basi nguvu ya Bupe ilimfikia Sekela kupitia mikono ya Subilaga, na kwa kuwa upepo na kelele za magurudumu viliwazuia kusikiana, maneno yao yalipitia kinywa chake. Nguvu ilifika kama ilivyotumwa. Maneno, hapana.

Siku ya kwanza Sekela alipaza sauti mbele, "Mwambie huyo aliye nyuma yako, kama anakula ugali wa kaka yangu bure, leo autolee jasho!"

Subilaga akageuza shingo kidogo. "Bupe, wifi yako anasema leo una nguvu. Ongeza kidogo."

Bupe akaguna. "Mwambie mgongo wake ni mpana kama ukuta wa kanisa. Kuzuia upepo ndiyo kazi pekee anayoiweza!"

Subilaga akainamia mbele. "Dada Sekela, Bupe anashukuru kwa kutukinga upepo."

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka miwili. Sekela aliamini wifi yake ana adabu lakini ana kiburi cha kutozitamka adabu hizo uso kwa uso. Bupe aliamini vivyo hivyo. Na magurudumu yalizunguka.

Lakini mnadhani Subilaga mwenyewe alitaka nini? Nitawaambia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Miaka miwili hakuona kitu mbio nzima isipokuwa mgongo wa Sekela. Aliujua mgongo ule kuliko mume wa Sekela alivyoujua. Alijua hata mshono upi utafumuka kwanza. Asubuhi moja mawifi wote wawili walikuwa msibani. Subilaga akaushuka mlima peke yake. Upepo ukampiga usoni moja kwa moja, ukamtoa machozi, na hakutaka ukome. Jioni alimuuliza Mwalimu kama kule kwenye barafu watu nao hushikana viuno.

"Wapo wanaokimbia watatu," alisema Mwalimu. "Lakini wengi hukimbia wawili wawili, kila mtu na njia yake. Mbele yako hakuna mgongo wa mtu. Kuna barafu tu."

Tangu siku hiyo Subilaga alishona huku anaiota barafu, na suruali za watu zikawa zinatoka na mguu mmoja mrefu.

Ikafika siku ya mashindano makubwa, mjini, kwenye uwanja wa saruji. Mzunguko wa mwisho ulipoanza, saa ilionyesha wako nyuma kidogo sana ya timu ya watu wa ziwani. Hapo miguu ya Sekela ikaisha. Mtu anayepasua upepo huisha ghafla, kama mkaa.

"Mwambie asisukume!" akalia Sekela. "Miguu imekufa, nitaanguka! Mwambie asisukume!"

"Anasemaje?" aliuliza Bupe kutoka nyuma.

Subilaga alichungulia kando ya mgongo wa Sekela. Aliuona mstari wa mwisho. Akageuza uso, akasema, "Anasema hivi: wifi yangu, nisukume, nakuomba."

Bupe alikaza mikono. Kisha ikaja nguvu ambayo Subilaga hakuwahi kuisikia kiunoni mwake, nguvu ya mtu aliyesubiri kuombwa tangu siku ya kuku. Ilipita mikononi mwake, ikamfikia Sekela, na wote watatu wakauvuka mstari, Bupe akiwa wa mwisho, saa ikisimama kwenye mguu wake. Walishinda. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kumwona mwongo mwenye magurudumu.

Hatua chache baada ya mstari, Sekela alianguka kifudifudi. Jino la mbele likabaki kwenye saruji.

Viongozi wa mchezo wakatangaza zawadi, na hapo ndipo ugomvi ulipopata chakula. Nchi ya barafu ilikuwa imekaribisha mtu mmoja, mmoja tu, akajifunze kule msimu mzima. Timu iliyoshinda imchague yenyewe, jina lipigwe kwa simu Jumamosi kabla ofisi haijafungwa. Jina lisipofika, nafasi waende nayo watu wa ziwani.

Jumamosi walikaa kwenye chumba cha cherehani, Mwalimu na simu yake mkononi, majirani dirishani kama kawaida.

Sekela alianza, akipitisha hewa penye pengo. "Ni mimi. Nani aliupasua upepo miaka miwili? Mimi. Nani alikuwa na mgongo wa kujificha? Mimi. Nani ametoa jino? Na huyu nilimkataza asinisukume, akanisukuma makusudi niumie."

"Umenikataza?" Bupe akasimama, kisha akakumbuka kwamba hasemeshani naye, akamgeukia Mwalimu. "Mwalimu, mimi niliombwa. Niliambiwa nakuomba. Nimesukuma watu wawili wazima kwa mikono hii, na saa imesomwa mguuni kwangu. Ushindi ule una unyayo wangu. Ni mimi."

"Nani amekuomba?"

"Wewe!"

"Mimi nikuombe wewe?"

Macho yote yakamgeukia Subilaga, aliyekuwa amekaa kwenye ubao wa nta akijifanya anatafuta sindano. Angeweza kusema upepo ulimziba masikio. Aliogopa. Lakini alichoka kuwa mlango wa watu.

"Nilibadilisha," alisema. "Dada Sekela alisema usisukume. Mimi nikasema sukuma. Na la nakuomba ni langu mwenyewe. Yote ni yangu, tangu mwaka juzi. Hakuna siku mliyotumiana neno zuri. Mazuri yote niliyashona mimi."

Kisha Sekela, polepole, akageuza kichwa upande ambao hakuwa ameutazama tangu kipaimara.

"Wifi, umeyasikia haya?"

"Nimeyasikia, wifi."

Dirishani mtu alipiga kigelegele, akazibwa mdomo.

"Kwa hiyo siku ile ya kwanza hukunishukuru kwa upepo?"

"Nilisema mgongo wako ni mpana kama ukuta wa kanisa."

Sekela akacheka, akaliziba pengo kwa kiganja. "Na mimi nilisema unakula ugali wa kaka yangu bure."

"Ule ugali? Si mahindi yangu mwenyewe!" Wakacheka wote wawili, wakashikana mabega, wakafuta machozi. Wagombanao ndio wapatanao. Ila aliyekuwa kati yao alibaki amekaa kwenye ubao, hana wa kumpelekea neno.

Kisha wakamgeukia, na safari hii kwa sauti moja ya ukoo.

"Mwili ulikuwa wangu," alisema Sekela. "Na neno lilikuwa langu. Ningeanguka kabla ya mstari, ningevunjika shingo, ungesemaje? Ulinichezea kamari na mifupa yangu, Subilaga."

"Na mimi," alisema Bupe, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ndiyo maana iliuma zaidi, "niliposikia nakuomba nililia mle ndani ya mbio. Nilidhani yameisha. Ulinipa zawadi ya mtu ambaye hakuitoa."

"Mwalimu, mpeleke Bupe," alisema Sekela. "Nguvu ile ilikuwa yake."

"Hapana, aende wifi," alisema Bupe. "Shingo nimempa mimi, jino nimemng'oa mimi. Aende yeye."

"Nenda wewe, wifi. Mimi baridi ya hapa inanitosha."

"Nani, mimi? Viazi vyangu namwachia nani? Nenda wewe."

Subilaga akasimama. Alisema bila kupitia kinywa cha mtu. "Mimi nataka kwenda. Ninyi kila mmoja anamtaka mwenzake aende. Hakuna kati yenu anayeitaka barafu. Mimi ninaitaka. Nimedanganya, sikatai, na jino lile nitaliona kila nikifumba macho. Lakini bila mtu wa kati mngekuwa watu wawili, na wawili si timu. Bila uongo wangu msingeshinda. Bila uongo wangu leo msingecheka. Miaka miwili nimebeba mikono yenu na midomo yenu, na sijawahi kukaa mbele hata mara moja."

"Wewe ndiye mzito wa mbio kuliko sote," alisema Sekela.

"Ndiyo," alisema Subilaga. "Najua."

Simu ikalia. Mwalimu Lwitiko aliitazama kama inayong'ata. Akaiweka sikioni, na sauti ya ofisini ikasikika mpaka dirishani: "Mwalimu, tunafunga. Nipe jina."

Mwalimu akamtazama Sekela, akaliona pengo. Akamtazama Bupe, akaiona mikono. Akamtazama Subilaga, na Subilaga alikuwa ameshaelekea mlango uliokuwa wazi, upepo wa jioni unampiga usoni.

"Mwalimu? Jina!"

Mimi hadithi yangu nimeisimamisha hapo hapo, simu ikiwa sikioni, na Mwalimu hana salio la kupiga tena. Msiniulize alisema nini. Nawauliza ninyi mliokula na kushiba. Aende aliyepasua upepo, na neno lake likabadilishwa bila yeye kujua, na leo anaikataa nafasi? Aende aliyesukuma kwa upendo uliotokana na uongo, naye anaikataa? Au aende huyu mwongo, mzito kuliko wote, ambaye peke yake anaitaka?

Semeni. Ila kila mtu aniambie kwa kinywa chake mwenyewe, asinitumie wa katikati. Je, nani alistahili?