Siku ya Mia Moja Sabini na Mbili

Sogeeni karibu. Anayetaka kusikiliza nusu aondoke sasa, kwa sababu mwishoni nitauliza, na sitapokea jibu la "inategemea".

Lupande, mji wa ukungu na mashamba ya chai, ulikuwa na klabu ya besiboli, na klabu ilikuwa na watu wanne wenye vipaji. Lusajo alirusha mpira ukapotea machoni mwa mwenye gongo. Nzigilwa, mdakaji wake, aliudaka kwa kuusikia tu, hata ukungu ukifunika uwanja mzima. Tabu, karani wa orodha, hakuwahi kusahau tarehe. Mbilinyi, dereva wa lori la kikosi cha pili, alizijua kona zote za mlima. Kwa makalio, kama alivyopenda kusema.

Sasa sikilizeni kanuni, maana uchungu wote umo humo. Mchezaji ni wa klabu iliyomsajili kwanza. Hawezi kuhama wala kuchagua mkataba hadi atimize miaka sita. Na mwaka wenyewe si wa kalenda. Ni siku mia moja sabini na mbili jina lako likiwa kwenye orodha ya kikosi cha kwanza, ile inayobandikwa langoni kila siku ya msimu kabla ya filimbi ya asubuhi. Ukiwa na mia moja sabini na moja, huna mwaka. Klabu inakumiliki msimu mwingine.

Nani aliitunga kanuni hiyo? Wenye klabu. Nani hupanga orodha? Haohao. Naendelea.

Lusajo alitimiza miaka mitano. Mwaka wa sita, bega lake likaanza kuuma kwenye karatasi, mwilini halikuuma. "Mdogo wangu," meneja akamwambia, "nenda kikosi cha pili ukapumzike." Akapumzishwa, akarudishwa. Ilipobaki siku moja msimu uishe, akapelekwa tena kikosi cha pili, ng'ambo ya mlima.

Tabu akahesabu, kisha akamfuata Nzigilwa. "Ana mia moja sabini na moja. Kesho ndiyo ya mwisho, na wamemwondoa."

Kanuni ilikuwa na tundu moja. Pengo likitokea kwenye orodha asubuhi, huandikwa mchezaji wa kwanza wa kikosi cha pili atakayefika langoni kabla ya filimbi.

"Basi mimi naumwa," alisema Nzigilwa. "Homa. Nikohoe?"

"Homa haikohoi, kaka."

"Hii yangu inakohoa."

Tabu hakucheka. "Unajua na wewe una siku ngapi?"

"Mia moja sabini na moja. Mwaka wa sita. Najua." Akatazama glavu yake. "Mimi nitasubiri mwakani. Andika homa, dada. Na usimwambie."

Tabu akaandika homa, akampigia simu Mbilinyi. Asubuhi meneja alipomwamuru aliache pengo wazi, Tabu akakataa.

Mbilinyi aliondoa lori bila ruhusa. Ukungu ulikuwa umeufuta mlima.

"Unaiona barabara?" Lusajo aliuliza.

"Siioni. Wewe unaiona?"

"Hapana."

"Basi tuko sawa. Tulia."

Walifika filimbi ikiwa mdomoni mwa mwamuzi. Lusajo akaruka chini, Tabu akamwandika kwa wino. Mbilinyi alipokuwa akigeuza, lori likaserereka korongoni, likamlalia mguu.

Lusajo akawa huru. Klabu nyingine ikamwita kwa mkataba aliouchagua mwenyewe. Tabu akafukuzwa, na barua ikapelekwa kila klabu kwamba yeye ni mghushi. Mguu wa Mbilinyi ukaunga vibaya. Nzigilwa alishushwa kikosi cha pili, na wakati wa masika ile homa aliyoisingizia ikaja kweli, ikamuua kambini. Kwenye daftari la klabu jina lake halikufutwa. Limeandikwa hivi mpaka leo: *Nzigilwa. Wa klabu. Bado siku moja.*

Tangu hapo, asubuhi za ukungu, uwanja ukiwa mtupu, husikika mpira ukiingia kwenye glavu. Pa. Pa. Wachuma chai wameuhesabu. Mara mia moja sabini na moja, kisha kimya.

Ligi hiyo ina desturi: mchezaji huru anapoondoka huidai klabu yake ya zamani jambo moja, nayo haiwezi kukataa. Jambo moja tu.

Tabu alikuja. "Waifute ile barua, nipate kazi. Bila mimi usingejua hata kwamba umeibiwa."

Mbilinyi alikuja kwa magongo. "Daktari anasema mguu ukivunjwa upya mwezi huu, utanyooka. Ukipita mwezi huu, basi. Bila mimi ungejua, sawa, ukiwa ng'ambo ya mlima."

Nzigilwa hakuja. Lusajo akamgeukia Tabu. "Ulijua hesabu yake?"

"Nilijua."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungekataa kushuka kwenye lori?"

Lusajo akaenda kuchukua karatasi ya madai.

Asubuhi ya kuondoka alisimama langoni na karatasi yenye mstari mmoja mtupu. Angeweza kudai barua ifutwe. Angeweza kudai mguu utibiwe. Angeweza kudai marehemu aandikiwe siku yake, atoke kwenye daftari lao. Meneja alimtazama kutoka dirishani, akinywa chai bila wasiwasi: lolote litakaloandikwa, mawili yatabaki yake.

Ukungu ukashuka. Pa. Pa. Lusajo akahesabu mpaka mia moja sabini na moja, kisha akasubiri mmoja zaidi. Haukuja.

Kalamu nawapa ninyi. Mstari ni mmoja. Wewe unaandika nini, na wale wawili waliobaki utawatazamaje?