Siri Iliyojenga Paa

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja kando ya mto Furati aliishi mwalimu mchaji aliyeitwa Sheikh Mundhir bin Kaab, akisomesha mayatima bila ya ujira. Mwaka mmoja mvua zilishuka kwa nguvu hata paa la madrasa yake likaanguka. Watoto wakawa wanasomea uani, na jua likipanda wanasogea ukutani kutafuta kivuli.

Sheikh akaanza kuomba msaada. Miezi mitatu alizunguka sokoni, duka kwa duka. Wengine walimwambia arudi kesho, wengine walimwombea dua kisha wakafunga mlango. Alichopata hakikutosha kununua hata boriti mbili.

Katika siku hizo alimjia mjane mmoja, ambaye jina lake wasimulizi hawakulitaja. Mumewe, aliyefia safarini, alikuwa mtu wa heshima. Akasema, "Sheikh, tangu mume wangu afariki nimeuza karibu kila kitu. Nimeuza hata milango ya vyumba, nikabakisha wa nje peke yake ili wapitao wasijue. Nakuomba umpokee binti yangu asome, na haya niliyokueleza yabaki kwako."

Sheikh akamjibu, "Siri yako ni amana kwangu, dada yangu. Mlete Jumamosi."

Ijumaa, baada ya sala, Sheikh alisimama kuwaomba watu kwa ajili ya paa. Akaona walio safu za nyuma wanainuka, wanatafuta viatu vyao. Akaingiwa na hofu kwamba watoto watakaa uani mwaka mwingine. Hapo ndipo alipomkumbuka mjane, na kabla hajajizuia akawa ameshaanza kusimulia habari ya ile milango. Jina hakulitaja. Lakini alitaja safari aliyofia mume, akataja na kazi aliyokuwa akiifanya, na katika mji mdogo hayo yalitosha. Waliokuwa wamesimama wakaketi tena. Watu wakalia. Wanaume wakavua pete, wakatandaza vilemba, vikajaa dirhamu. Haukuandama mwezi mwingine ila paa lilikuwa limekwisha kujengwa.

Kwa mjane nako watu walimiminika. Walileta ngano na samli mchana kweupe, na kila aliyeingia alinyoosha shingo kutazama vyumba visivyo na milango.

Siku ya tatu baada ya Ijumaa ile, mjane alikuja madrasani.

"Sheikh, ulinitaja jina?"

"Wallahi sikulitaja."

"Basi nyumba yangu waliijuaje?"

"Nilitaja safari ya mumeo, na kazi yake."

"Nilikuja kwako kwa sababu nilidhani wewe hutasema," akasema mjane. "Sasa binti yangu akipita njiani, wenzake wanamuuliza analala chumba gani."

Akaenda zake. Wiki ile ile akahama na msafara, na binti hakuketi madrasani hata siku moja.

Watu wa mji walimsifu Sheikh kwa paa lile. Yeye, kila mvua ilipolia juu ya paa na watoto wakabaki wakavu, alitazama boriti na machozi yakamtoka. Miaka ikapita, kisima cha madrasa kikabomoka. Akasimama tena mbele ya watu akasema, "Paa lile nililipata kwa kuvunja amana. Leo nitawaeleza mawe yanayohitajika na bei yake, basi. Atakayetoa, Mola amlipe. Asiyetoa, nitamngoja." Kisima kilichukua miaka minne, naye akangoja.

Wakati wote huo aliwauliza wasafiri habari za mjane. Hatimaye akaambiwa yuko mji wa mbali, kaskazini. Akaandika barua, akaungama kosa lake lote jinsi lilivyokuwa, akaomba radhi. Jibu halikuja. Mwaka wa pili, ingawa alikwisha kuwa mzee, akafunga safari mwenyewe. Alipobisha hodi alifunguliwa na mwanamke mtu mzima, naye ndiye yule binti.

"Mama amefariki, Sheikh. Alikusamehe. Alisema ulikuwa ukitaka heri."

"Na barua yangu, ilifika?"

"Ilifika. Mama alikuwa haoni tena, na mimi sikupata kusoma. Tukampa jirani atusomee. Aliisoma kwa sauti, mbele ya mkewe na wageni wake." Akasita kidogo. "Hapa walikuwa hawajui habari ya milango."

Sheikh akaketi kizingitini. Akaomba radhi kwake pia.

"Nimekusamehe," akasema yule mwanamke. "Lakini usiandike tena."

Ndugu zangu katika imani, nasi tunasimama misikitini kuchangisha kwa ajili ya madrasa, visima na wasiojiweza, na ni kazi njema. Tuwaeleze watu haja iliyopo kwa ukweli, kisha tuwe na subira. Aliyetufunulia dhiki yake hakutupa ruhusa ya kuitembeza. Mola wetu ni Mwingi wa kusamehe, na mja naye huenda akasamehe, lakini Sheikh Mundhir alikufa bila ya kupata njia ya kuirudisha ile siri. Mwenyezi Mungu atusitiri, na atujaalie kuwasitiri waliotuamini.