Kwa Nini Dereva wa Treni Hashukuriwi Mzingwani

Nyinyi mliohamia juzi mnashangaa akina mama wa Mzingwani wakimtukana dereva wa treni kila asubuhi, naye anacheka. Haya, sogeeni. Kulikuwa na wakati ambapo Mzingwani hapakuwa na jukwaa, wala dirisha la tiketi, wala bomba la maji. Kulikuwa na reli tu, na treni ya kwenda mjini iliyopita mbio ikiwaachia watu moshi na vumbi. Aliyetaka kuipanda alivuka bonde la mpunga kwa miguu hadi stesheni ya jirani.

Zama hizo aliishi hapo Bi Mwamvita Mkumba, Mzaramo wa hapo hapo, mdadisi kupita kiasi. Ukipita na kikapu kilichofunikwa, lazima akuulize umebeba nini. Alikuwa akimlea mjukuu wake, Siwatu, aliyezaliwa na mguu mmoja umepinda kwa ndani. Madaktari wa mjini walikuwa wakiunyoosha kidogo kidogo: kila Alhamisi wanafungua plasta, wanauvuta mguu, wanafunga plasta nyingine. Walimwonya bibi kwamba akiruka wiki, mguu utarudi ulikotoka.

Masika ikaja. Bonde likajaa, plasta ikalowa na kumong'onyoka, Alhamisi zikapita bila hospitali. Bi Mwamvita alipouona mguu umeanza kugeuka tena, alilia sana, maana kila siku treni ya kwenda huko huko hospitali ilipita nyuma ya jiko lake. Kisha, kama ilivyokuwa tabia yake, akaanza kuuliza. Treni husimamishwa na nini? Fundi wa njia ya reli akamjibu kwamba husimamishwa na stesheni au na bendera nyekundu. Na anayeiendesha ni nani? Akaambiwa ni bwana mmoja mnene, jina lake Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora.

Bi Mwamvita akafuta machozi, akacheka peke yake.

Mjue kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo yao. Mtani akimkamata kuku wako, huendi kumshtaki kwa mjumbe. Unamkomboa kuku kwa kumpa mtani anachotaka, na unatakiwa ucheke. Ukinuna, umeshindwa. Na siku ya msiba, mtani ndiye anayewachekesha wafiwa na kusaidia kuzika.

Alhamisi iliyofuata mafundi waliisimamisha treni kwa bendera nyekundu, kwa kuwa mvua ilikuwa imekula tuta la reli karibu na nyumba ya Bi Mwamvita. Walipokuwa wakijaza kokoto, yeye alitoka na mtoto mgongoni, akaenda mpaka kwenye kichwa cha treni, akafunga kanga yake kwenye ndoano ya mbele. Akasimama pembeni. Bendera ya kijani ilipopepea, treni haikuondoka, kwa maana dereva alikuwa ameiona kanga.

Mihayo akashuka amefura. Akamwambia aondoe nguo yake, watu wanachelewa kazini.

"Sifungui," akasema Bi Mwamvita. "Nimekamata mali ya mtani wangu."

"Treni si yangu, mama. Ina wenyewe."

"Ulipokuwa ukitupita hapa kila siku umeinua kidevu, mla michembe ya viazi wewe, mbona uliiona yako?"

Abiria wakaangua kicheko. Kwa haki, treni haikamatwi kama kuku, na mtu wa mahali pengine angeliona kosa hilo mara moja. Lakini behewa zima lilikuwa la watu wanaoujua utani, na hakuna aliyeliona. Wazee wa Kinyamwezi waliokuwemo wakamwambia Mihayo wazi kwamba kuing'oa kanga ile kwa nguvu ni kuvunja utani, na mvunja utani akifa hana wa kumchekesha mjane wake.

Mihayo akajikuna kichwa, akauliza anataka nini. Bi Mwamvita akageuka, akautoa mguu wa mtoto nje ya mbeleko. Mihayo aliutazama, hasira ikamwisha. Akaifungua kanga mwenyewe, akamfunika nayo mtoto, akawapandisha. Kuanzia hapo, kila Alhamisi alisimama Mzingwani.

Wakubwa wa reli waliposikia, walimtuma ofisa akomeshe upuuzi huo. Alimkuta Bi Mwamvita, na pamoja naye wauza mchicha na matenga yao, wanafunzi, na fundi nguo amejitwika cherehani kichwani. Akarudi akasema pale panahitaji jukwaa. Likajengwa, kisha dirisha la tiketi, paa la kukinga mvua, choo na bomba, na treni ikawa inasimama asubuhi na jioni. Kila iliposimama, akina mama walimtukana Mihayo, naye aliwajibu kwamba Wazaramo wameuza mashamba ili wacheze ngoma.

Miaka ikaenda. Siku ya mwisho ya Mihayo kazini, Siwatu alikuja jukwaani akitembea vizuri kabisa, binti mzima, amemshika bibi yake mkono. Wanawake walimsubiri Bi Mwamvita aanze. Akafungua mdomo, matusi yakamkwama. Akapiga goti.

"Ahsante, baba. Mungu akulipe."

Uso wa Mihayo ukamshuka. Matusi ya miaka yote hayakuwahi kumuuma, lakini neno lile lilimchoma, maana anayeshukuriwa ni mgeni aliyetenda hisani akaenda zake.

"Leo umenifukuza, Bi Mwamvita," akasema kwa sauti ndogo. "Kumbe sisi si ndugu?"

Bi Mwamvita akaelewa kosa lake. Akainuka, akapangusa macho kwa upindo wa kanga.

"Toka hapa, mpagazi wewe. Hilo tumbo lako ndilo linalochelewesha treni."

Mihayo akacheka mpaka machozi yakamtoka, akapiga honi ndefu, akaenda zake.

Na tangu siku hiyo, Mzingwani hakuna anayemshukuru dereva wa treni. Hutukanwa tu, hata akiwa wa kabila lisilo na utani na mtu yeyote hapa. Dereva mgeni akinuna, abiria humwambia asiwe na wasiwasi, ameshapata watu wa kumzika.