Mshumaa Uliovuka Barabara

Katika mji mdogo kando ya mto Morava, siku ya kumwadhimisha mtakatifu mlinzi wa ukoo mtu hamwaliki mtu. Mwenye nyumba huwasha mshumaa, huandaa meza, kisha hungoja. Ampendaye atakuja mwenyewe. Na mshumaa ukishawaka, mwenye nyumba hatoki.

Vidosava alingoja tangu adhuhuri. Samaki alipoa, maharagwe yakaganda sahanini. Jasna, binti yake wa miaka minane, alikuwa kama maji yanayochemka: alipanda kiti, akashuka, akauliza swali na kukimbia kabla ya jibu. Tangu mumewe aende Vienna na kunyamaza huko, Vidosava hakumpeleka mtoto kwenye meza ya mtu, asije akasemwa. Asiyeenda kwa watu, watu nao hawaji kwake.

Daktari alikuwa amemweleza kwamba Jasna alizaliwa hivyo. Haukuwa ukaidi wala malezi mabaya. Hata hivyo, dalili zake zingeweza kuzidi ukali nyumba ikiwa na ugomvi, au mzazi akiwa peke yake na amechoka. Vidosava alisikia lawama tu. Sasa shule nayo ilisema asipopatikana mtu mzima wa kukaa na mtoto mchana, mama akiwa kiwandani, Jasna atahamishiwa shule ya bweni, mbali, baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka.

Ng'ambo ya barabara, dirishani kwa mzee Radoje, baba mkwe wake, mshumaa uliwaka pia. Ukoo mmoja, mtakatifu mmoja. Naye alikuwa mwenye nyumba, naye hatoki. Tangu mwanawe aondoke, kila mmoja alikaa na aibu yake, akimngoja mwenzake.

"Mama," Jasna aliuliza, "kwani babu naye hana wageni?"

Vidosava aliviangalia viti vitupu. Kisha akauinua mshumaa, akaukinga kwa kiganja, akamwambia mtoto amshike sketi, wakavuka theluji.

Radoje alifungua mlango, akakunja uso. "Mkwe, mwenye nyumba haachi mshumaa wake."

"Sikuuacha, baba. Nimekuja nao."

Jasna alikuwa amekwisha kupenya chini ya mkono wa mzee hadi mezani.

"Watasema nimezeeka mpaka nawasha miwili," Radoje alinung'unika.

"Baba, nimeshindwa. Watamchukua. Nahitaji mtu wa kukaa naye mchana."

Mzee aliketi polepole. Alisema yeye hajui kulea. Angejua, mwanawe asingewakimbia. Kule mezani glasi ikaanguka, divai ikatapakaa kwenye kitambaa cheupe. Vidosava akafumba macho, akingoja karipio.

"Aje kila siku akitoka shule," Radoje alisema. "Ila glasi nitaziweka kabatini."

Jioni ile hakuna mgeni mwingine aliyebisha hodi, wala Jasna hakutulia. Lakini sikukuu zilipokwisha alibaki katika shule yake, kwa kuwa mama aliyejikaza peke yake muda wote ule alikubali hatimaye kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.