Breki za Bi Mkawasi

Bi Mkawasi wa Wundanyi alikuwa na watoto watatu, watu wazima wote, na kila mmoja alijaliwa lake. Wakio, binti mkubwa, hakubali jambo mpaka alipime mwenyewe. Mwadime, ukimtuma kitu, hurudi nacho hata kiwe kimejificha wapi. Naye Mghanga, kitinda mimba, mikono yake hufungua kilichowashinda wengine, bila kukivunja.

Bi Mkawasi alikuwa muuguzi, na gari lake kuukuu ndilo lililowashusha wagonjwa wa mtaa mzima hospitalini. Siku moja ya mvua, kwenye mteremko wa kwenda Mwatate, alikanyaga breki, magurudumu yakajifunga, gari likateleza mpaka ukingoni mwa bonde. Kwenye kiti cha nyuma alikuwamo mama mjamzito. Hakuna aliyeumia, lakini alipofika nyumbani tu akawaita wanawe.

"Mwaka huu nastaafu, na kuendesha naacha. Atakayeniponyea breki hizi, gari ni lake."

Fundi wa sokoni alikuwa ameshasema ni sensa za magurudumu, vile vifaa vinavyopima mwendo wa kila gurudumu, zibadilishwe zote nne. Wakio akakataa. Akaazima mashine ya kupimia, akashinda chini ya gari akipima sensa moja moja. Zote nzima. Kilichokufa ni kisanduku kilicho chini ya boneti, kompyuta ndogo inayozuia magurudumu yasijifunge.

"Ni hiki, Mama. Ila lazima kipatikane chenye namba hii hii."

Mwadime akainakili namba, akashuka Mombasa. Siku tatu alizunguka kwenye maduka ya spea kuukuu. Muuzaji mmoja akamsukumia kisanduku kilichofanana kabisa. "Tofauti ni herufi moja tu, ndugu yangu. Chukua!" Mwadime akakirudisha. Siku ya nne akakipata chenyewe, ndani ya gari bovu lililokuwa likingoja kukatwakatwa.

Kukifunga ikawa kazi nyingine. Pale uani, Mghanga akatoa waya wa betri, akachomoa plagi, akafungua skrubu tano zilizokishika kisanduku kwenye pampu ya breki. Ya sita ilikuwa imeliwa na kutu, mahali ambapo mkono hauingii vizuri. Angelazimisha, angepasua pampu hiyo, na gari lingekwisha. Akaichonga kwa tupa, asubuhi hadi alasiri, vidole vikitoka damu, mpaka ikazunguka. Kisanduku kibovu kikatoka, cha Mwadime kikakaa. Taa ya onyo la breki kwenye dashibodi ikazimika.

Kesho yake mvua ikanyesha. Bi Mkawasi akawapakia wote watatu, akaushuka mteremko ule ule. Kwenye kona, pikipiki ikaanguka mbele yao, mtu na mkewe chini barabarani. Akakanyaga kwa nguvu zote. Pedali ikatetema chini ya mguu, kisanduku kikifanya kazi yake, gari likanyooka, likasimama. Yule mwanamke angenyoosha mkono angegusa bampa.

Walipokwisha kuwainua wale wawili, maneno yakaanza.

"Bila mimi mngebadilisha sensa, na leo tungeua," akasema Wakio.

"Ulijua kilichokufa, dada. Kingine ungekitoa wapi?" akauliza Mwadime.

"Nanyi mngekiweka mezani mkakitazama," akasema Mghanga.

Bi Mkawasi alisimama na ufunguo mkononi. Kila aliyemgeukia, aliona anasema kweli. Gari halikatwi vipande vitatu, na ahadi alishaitoa.

Haya, nyinyi mliosikiliza: ufunguo ungekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?