Asali ya Ukingoni mwa Shimo

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa moto mkubwa, na anayeukoka hajulikani!

Hapo kale, mimi sijazaliwa na bibi yangu hajazaliwa, palikuwa na mwanamke mpika togwa, jina lake Sikudhani. Baba hana, mama hana. Alikuwa na kaka mmoja tu, Kondo, naye Kondo alikuwa safarini, amekwenda mbali kupika chumvi.

Siku moja likaja zimwi. Likakaa juu ya kilima, likachimba shimo, shimo likawaka moto. Kisha likaita watu wote.

"Mvua ni yangu, jua ni langu, na ninyi ni wangu. Nawapenda mno. Nipendeni, nisiwachome! Atakayenisifu atakula asali yangu. Asiyenisifu nitamtia shimoni, aungue asife, aungue asife, aungue asife!"

Mnacheka? Wao hawakucheka. Kila siku ya gulio walipanda kilima mbio mbio, wanaimba:

Mwema, mwema, mwema wetu!
Hakuna mwema kama wewe!

Sikudhani naye aliimba, maana roho ni tamu. Lakini moyo wake haukutulia hata kidogo. Akamwuliza jirani yake, Bi Mashavu: "Shoga, tangu lini mtu mwema akatangaza wema wake kwa moto?"

"Nyamaza wewe, litakusikia!" akasema Bi Mashavu. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Mimi nina wasiwasi nalo."

"Kaa na wasiwasi wako, lakini imba."

Basi siku moja Kondo akarudi, mzigo wa chumvi begani. Akawakuta watu wanapanda kilima, akawafuata aone kuna nini. Zimwi likamwona amefunga mdomo.

"Mbona wewe huimbi?"

"Shikamoo, mzee," akajibu Kondo. "Nimefika leo hii, sikujui. Nitamsifuje nisiyemjua?"

Hakusema kwa jeuri, alisema kweli yake tu. Zimwi likamkamata mguu, likamtupa shimoni.

Habari zikamfika Sikudhani jikoni. Akaacha chungu motoni, akapanda kilima anahema. Juu akawakuta watu wamekaa kuzunguka shimo, wanaramba asali kwenye majani ya mgomba na kuimba. Zimwi nalo linaramba pamoja nao. Na kutoka chini sauti inalia: "Sikudhani! Sikudhani! Naungua, sifi!"

Hakuna aliyetazama chini.

Zimwi likampa jani lenye asali. "Kula, mwanangu. Wewe umeokoka."

"Kaka yangu kakosa nini?"

"Hakunipenda."

"Hakujui!"

"Hakunipenda."

"Ataungua mpaka lini?"

"Milele."

"Na mimi nile asali huku namsikia?"

"Utazoea," likasema zimwi kwa upole. "Wenzako wamezoea."

Sikudhani akamtazama Bi Mashavu. Bi Mashavu alikuwa amefumba macho, anaramba. Sikudhani akaona uchungu, akaona na aibu, maana hata yeye aliimba.

Akasema: "Kwetu mwenye togwa huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni ajue haina sumu. Wewe umetuandalia vitu viwili, asali na moto. Asali tumekuona ukionja. Onja na moto."

Wimbo ukakatika. Desturi hiyo kila mtu aliijua.

Zimwi likacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Moto ni wa wengine."

"Tia kidole tu."

"Moto ni wa wengine!"

"Onja, tukusifu."

"Moto ni wa wengine!" Na mikono ikafichwa mgongoni. Watu wakaiona ikifichwa.

Kimya kikatanda, na ndani ya kimya kile moto ukaanza kushuka. Zimwi likanguruma: "Imbeni!" Watu wakaimba kwa hofu, moto ukapanda tena.

"Jamani!" Sikudhani akapiga kelele. "Kuni ni sisi! Nyimbo zetu ndizo zinazomchoma!"

Hawakunyamaza, waliogopa. Basi Sikudhani akatupa asali, akaligeukia zimwi. "Kama huu ndio wema, mimi nitakaa na wabaya wako." Akateremka shimoni, akamshika kaka yake mkono. Moto ukamla mikono, akapiga yowe.

Bi Mashavu akasikia yowe la shoga yake. Kaka wa watu aliweza kumzoea, lakini huyu alishindwa kumzoea. Akafumbua macho, akatazama chini, akatema asali, akanyamaza. Wa pembeni yake naye akanyamaza. Wakanyamaza mmoja mmoja, mpaka moto ukawa makaa, makaa yakawa majivu.

"Nisifuni!" likalia zimwi. "Nisifuni kidogo! Hata neno moja!"

Hakuna aliyejibu. Likanywea likawa kama mbuzi, likanywea likawa kama kuku, likakimbilia vichakani. Wapo wanaosema lilikufa. Mimi nasema lilihamia mji mwingine, na asali yake bado tamu.

Sikudhani na Kondo walitolewa hai, ila Sikudhani alibaki na makovu mikononi, na Kondo alichechemea mpaka uzee wake. Na Bi Mashavu, kila alipokutana naye njiani, alishindwa kumtazama usoni.

Na hadithi yangu inaishia hapo. Ikiwa nzuri ni yenu wote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu. Funzo lake ni hili: anayetaka umpende ili asikuchome, huyo usimwite mwema, hata akiwa na mvua na jua mkononi. Na ukimsikia mwenzio analia, usimeze tonge kwanza. Tazama chini.