Viatu vya Marehemu Miguuni mwa Mateka

Kaeni vizuri, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao. Hii ni kesi, nami nimechoka kuibeba peke yangu.

Zamani, katika nchi ya Wamohawk, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, ndani ya nyumba ndefu ya ukoo wa Dubu, aliishi mama mmoja, Kahente, na wanawe wanne. Adui wa ng'ambo ya mto walimuua kitinda mimba wake akiwa mawindoni, wakamvua mpaka viatu. Kule mtoto ni wa ukoo wa mama, na damu yake ikimwagika, mama ndiye mwenye kauli. Kahente akawaambia watatu waliobaki, "Nileteeni mtu. Ama ajaze pengo, ama alipe."

Aliyewatoa nyumbani ni binti, Karakwine. Kwao wanawake wakikataa kusaga unga wa mahindi ya kukaanga na kushona viatu vya safari, hakuna vita, wanaume watake wasitake. Akasaga, akashona mpaka vidole vikachubuka.

Kaka mkubwa, Aronhies, alikuwa na macho ya kusoma ardhi. Kwenye tope akaona alama ya kiatu chenye kiraka kisiginoni, akakijua: kiraka alichokishona Karakwine kwa ajili ya marehemu. Akaifuata msituni, mahali ambapo wewe na mimi tungeona majani tu, hadi mtoni.

Hapo ikawa zamu ya wa kati, Ohserase. Aliyevaa viatu vile alikuwa anavuka; Ohserase akajitosa kwenye maji ya barafu, akapigana naye, akamtoa akiwa hai. Kumuua kungekuwa rahisi zaidi.

Wakamleta. Kijana tu. Ndipo ugomvi ulipoanza mbele ya mama yao, ugomvi wa chuki hasa.

"Achomwe moto," Karakwine akasema. "Amevaa kazi ya mikono yangu. Na bila unga wangu nyie mngefika wapi?"

"Huna adabu," Aronhies akamjibu. "Mjomba wetu amefungwa kwao. Tumrudishe huyu, watupe mjomba. Mimi ndiye niliyemgundua, ninyi mlikuwa vipofu."

Ohserase akacheka kwa dharau. "Kugundua ndiyo kukamata? Apewe jina la mdogo wetu, akae hapa, amwindie mama. Ndiyo mila yetu. Au unamlilia mjomba kwa sababu siku alipotekwa wewe ulikimbia?"

Aronhies akashika shoka. Karakwine akamtemea Ohserase mate miguuni. Na hao ni tumbo moja.

"Kaeni chini," Kahente akasema. Akainama, akamvua mateka viatu kwa mikono yake mwenyewe. Vilikuwa bado vinachuruzika maji ya mto. "Nimezika mmoja, naona mnataka nizike wengine. Viatu hivi nitaviweka mbele ya mmoja wenu, yule aliyefanya kubwa kuliko wenzake. Neno lake juu ya huyu kijana ndilo nitakalolishika. Wawili watakaokosa wasinifungulie mdomo tena."

Akasimama navyo mkononi. Mateka, miguu mitupu, alikuwa anatazama viatu, hatazami nyuso.

Msiniangalie mimi, mimi nimeshindwa. Haya, wewe ndiye Kahente: viatu unaviweka mbele ya nani? Na ukishaviweka, umwambie kijana mwenyewe, usoni, litakalompata.